Damu Isiyoshikwa na Umeme

Mtaa mzima ulimwita Volti, na jina hilo alilipata mbele ya friji la kaka yake, Jumapili moja nyumba ikiwa imejaa hadi watu wengine wamekalia ndoo.

Friji lenyewe lilikuwa refu, jeupe, limepauka ubavuni, na lilikaa sebuleni kwa sababu mlango wa jikoni haukulitosha. Lilipoanza kuzeeka likaota ukorofi. Ukishika mpini wake wa chuma linakutekenya, na siku likiamka vibaya linakuzaba kofi la mkono mzima. Kaka yake alikuwa mwashi, mtu wa matofali na saruji, na dawa aliyoijua ilikuwa moja: aliweka mbele ya friji kandambili nene za mpira, ya kushoto bluu, ya kulia kijani, akapiga marufuku mtu kufungua friji bila kuzivaa. Mgeni akitaka maji ya baridi, kwanza anavalishwa kama anayeingia chumba cha upasuaji.

Jumapili hiyo Volti, ambaye wakati huo alikuwa fundi viatu tu wa pale kona, alizivuka kandambili kwa hatua moja, akashika mpini, akafungua, akatoa chupa, akanywa, mkono wa pili bado umeegemea mlango kama mtu aliyekuja kupiga soga. Nyumba ikalipuka.

"We! Halikupigi?"

"Linipige mimi? Linanijua."

"Jamani, huyu si mtu, huyu ni volti yenyewe!"

Jina likanasa hapo hapo. Dada yao mkubwa, ambaye mtaa ulimbatiza Redio kwa sababu hajawahi kuzimwa, akainuka kwa mbwembwe, akashika mpini. Kimya. Akamvuta kaka mtu naye ashike. Kimya. Kisha wakamwita mke wa kaka kutoka jikoni. Akaja anapangusa mikono, hajui hili wala lile, akashika. Alipiga yowe, chupa ikaruka, na watu wakacheka mpaka wakajifuta machozi.

"Basi ni damu!" Redio akatangaza. "Damu yetu sisi ni nzito, umeme haupiti. Wifi yangu pole, wewe ni mtu wa kuja."

Volti ndiye aliyelikoleza. Watu walikuwa wanamtazama, na yeye mtu wa kutazamwa hatosheki kwa kidogo. Akasema hata marehemu baba yao alikuwa anachomoa taa kwa ulimi. Uongo mtupu, baba yao alikuwa anaogopa hata tochi. Lakini ulipokelewa kwa makofi, na kuanzia siku ile kandambili zikaitwa viatu vya wakwe.

Hakuna aliyetazama chini. Volti alikuwa amevaa viatu alivyovitia soli mwenyewe kwa mpira wa tairi la lori, unene wa vidole viwili. Kaka yake alikuwa na buti za kazini ambazo havui mpaka anapanda kitandani. Redio alikuwa juu ya ndara za sponji zilizoinuka kama ngazi. Wa peku alikuwa mmoja tu, aliyetoka jikoni na mikono mibichi.

Binti wa kaka alikuwa na miaka kumi na sita wakati huo, na hakuna aliyelipenda neno lile kuliko yeye. Alikua nalo. Alipokuwa msusi, akashinda saluni kutwa amesimama kwenye viatu vya plastiki, akirudi jioni anafungua friji bila kujali, anamtania mama yake: "Mama, usisahau viatu vya wakwe!" Mama anacheka, anavivaa. Maisha yanaendelea.

Sasa, lililomla Volti baadaye ni hili: yeye alijua.

Alijua tangu mwaka wa pili wa jina lile, asubuhi moja bafuni. Alikuwa anaishi chumba cha uani kwa kaka yake, na maji ya kuoga alichemsha kwa ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Hita imechomekwa, yeye peku kwenye sakafu iliyolowa, akachovya kidole aone kama maji yamepata moto. Umeme ukamdaka mkono mpaka begani, ukamkung'uta, ukamtupa mlangoni. Alijikuta amekaa sakafuni uchi, meno yanagongana.

"Kuna nini huko?" kaka yake akapaza sauti.

"Sabuni!" akajibu. "Nimeteleza!"

Wiki nzima nyundo ilimshinda kushika. Akili yake ikamwambia wazi kwamba hakuna damu nzito wala nyepesi, kuna viatu na kuna maji. Lakini jioni moja wageni walikuwepo, na mmoja akasema, "Volti, hebu waonyeshe hawa." Akavaa viatu vyake vya tairi, akaenda akawaonyesha.

*

Jumamosi, saa nne asubuhi, binti alikuwa anadeki sebule. Peku, suruali ameikunja hadi magotini, maji yamesimama sakafuni. Akasikia kiu. Akanyoosha mkono uliolowa, akashika mpini.

Mama yake hakusikia yowe. Alisikia ndoo inabiringika. Alipotoka jikoni alimkuta mwanawe amesimama kama kijiti, vidole vimejikunja kwenye chuma vimekataa kufunguka, macho yamemtoka. Hakumgusa. Huyo mtu wa kuja, aliyechekwa miaka mitatu, alitumbukiza miguu yake kwenye kandambili, akaufuata ukuta, akang'oa plagi. Binti akaanguka.

Alipona. Kiganja cha kulia kiliungua pamoja na vidole viwili, daktari akasema vitarudi, ila kusuka asahau kwa wiki kadhaa. Volti alifika zahanati anahema, shati limefungwa vifungo kombo. Binti alikuwa macho, mkono umeviringwa bandeji nyeupe kama mkate.

"Baba mdogo," akamwambia kwa sauti ndogo, "mbona mimi umeme umenishika?"

Volti akasema, "Pumzika kwanza, mwanangu."

"Nilihisi unanitekenya mwanzoni. Ningeachia. Nikasema, aa, mimi si wa kushikwa."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, hakuna msikilizaji, maneno yenyewe hayazidi kumi. Volti akarekebisha shuka ambalo halikuwa na tatizo. Akatoka.

Nje, kwenye benchi, Redio alikuwa anaongea na mama mmoja aliyemleta mtoto wa kikohozi. Hawajuani, lakini Redio hilo halijawahi kumzuia. "Ajabu kweli," alikuwa anasema. "Mtoto wa kaka yangu kabisa, umeme umshike? Mbona sisi hautushiki?" Akajisikia alichosema, akaziba mdomo kwa kanga huku anacheka. "Astaghafiru! Mdomo wangu huu!"

Lilisemwa kwa mzaha. Jumapili lilikuwa bombani. Jumatatu lilikuwa saluni kwa binti, tena mbele ya wateja. Jumanne mteja alimletea Volti kiatu kilichoachia soli, akakaa kwenye kibao, akasema, "Kumbe kwenu friji linapima damu? Hospitali mnaendea nini tena?" Wote waliokuwa pale wakaangua kicheko.

Na Volti akacheka. Alijisikia akicheka. Sindano ilikuwa mkononi, uzi umetiwa nta, na kicheko kilimtoka chenyewe kama cheo chake kilivyomfundisha. Kilipokwisha, masikio yalikuwa yanamwaka na hakuweza kumtazama mtu usoni. Alishona kiatu kile upande usio wake, akalazimika kukifumua.

Kaka yake akahamia kwenye kochi. Si mtu wa kusema. Alichukua mto tu akaenda. Mkewe naye hakuuliza. Miaka ishirini na mmoja ya ndoa, na sasa walikuwa wanapishana mlangoni kama wapangaji. Kila asubuhi Volti alipita sebuleni, akaliona blanketi limekunjwa kwenye kochi, akasema, "Umeamkaje, kaka?" Kaka akajibu, "Salama." Volti akatoka na kile kitu kimemkaa kooni kama mfupa. Kukitoa ni kubaki nani? Fundi viatu wa pale kona, muongo.

*

Jumapili Redio akaitisha watu. Alisema anataka kuziba midomo ya mtaa, na kuziba midomo kwake kulihitaji mashahidi wengi. Sebule ikajaa. Waliokosa viti walisimama madirishani, viwiko ndani, miguu nje. Friji lilikuwa limechomekwa tena, linanguruma polepole.

"Mimi sina ubaya na mtu," Redio akaanza, na kila mtu akajua ubaya unakuja. "Ila maneno yamezidi. Dawa yake ni moja. Mtoto huyu na baba yake mdogo washike friji hapa, mbele yetu, kila mtu aone kwa macho. Ile ya juzi huenda ilikuwa bahati mbaya. Leo likimwacha, habari imekwisha."

"Na lisipomwacha?" mtu wa dirishani akauliza.

"Nyamaza wewe, hata kiti hukupewa."

Mke wa kaka alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Wifi," akasema taratibu, "unataka kumuua mwanangu ili ujue baba yake?"

"Nani kasema kuua? Kushika tu! Kidogo tu!"

Kaka aliangalia mikono yake. Na binti, ambaye hakuna aliyemuuliza, akainuka.

"Nitashika," akasema. "Ninao mkono wa kushoto."

"Kaa chini!" mama yake akafoka.

"Mama, saluni wanakuita jina nisiloweza kulisema hapa. Nitashika." Akavua viatu vyake vya plastiki kimoja kimoja, kwa mguu, maana bandeji ilimzuia kuinama. Akaviweka kando kwa unadhifu. "Wasije wakasema nimesaidiwa."

Akapiga hatua. Sakafu ilikuwa imetoka kudekiwa kwa heshima ya wageni.

Volti aliona vidole vya mkono ule wa kushoto vinafunguka. Hakukumbuka kuinuka. Alijikuta katikati ya friji na binti, mikono ameitanua kama anayezuia kuku, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Hata mimi umenishika!"

Binti akasita, mkono bado hewani.

"Bafuni. Mwaka jana. Hita ya ndoo. Nikasema sabuni." Akamgeukia kaka yake. "Haikuwa sabuni. Umeme ulinishika nikaanguka uchi, wiki nzima mkono ukafa ganzi. Hakuna damu. Damu niliitunga mimi."

Alitarajia zomeo. Alichopata ni kibaya zaidi: hawakumwamini.

"Kha!" Redio akapiga mkono pajani. "Mwaka mzima hujasema, unasema leo? Unamfunika wifi? Kwani una jambo gani na wifi, wewe, unayelala uani?"

Madirisha yakaguna kwa pamoja. Kaka akainua uso kwa mara ya kwanza. Volti akahisi damu yote imempanda kichwani. Kijasho kikamtoka kwenye paji la uso, kwapani, viganjani.

"Hodi! Samahanini. Nani ana friji linalopiga watu?"

Alikuwa mwanamke mnene, mkoba wa vifaa begani, bisibisi nywele zimeishikilia juu ya sikio. Fundi wa umeme. Mke wa kaka ndiye aliyemwita, bila kumwambia mtu.

"Karibu fundi," akasema. "Unakuta tunapima damu."

Fundi akaelezwa. Kila mtu alimweleza kwa wakati mmoja. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akatoa kipimo chake, kijisanduku cha njano chenye nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Ncha moja akaigusisha kwenye mpini, nyingine kwenye sakafu yenye maji. Namba zikapanda. "Mia moja na tisini na nne," akasoma. Akang'oa plagi papo hapo. "Hizo ndizo volti. Nyinyi mmejazana hapa, sivyo? Tuseme nje kuna watu mia wanataka kuingia. Kule kusukumana kwao mlangoni, ndiyo volti. Mlango ukiwa mwembamba anapita mmoja mmoja. Ukifunguliwa wote, mnakanyagwa. Ule wembamba wa mlango tunauita ukinzani. Na kila kitu kina mlango wake."

Akamwomba kaka kiganja, akakiwekea zile ncha mbili. "Ukinzani wake laki tisa. Mkono wa saruji huu, mkavu kama tofali. Umeme unagonga, haufunguliwi." Kisha akakichovya kiganja kile kile kwenye bakuli la maji, akapima tena. "Elfu thelathini. Damu umebadilisha saa ngapi?"

Mtu akacheka dirishani. Mama wa binti akapimwa: laki tano. Binti, kiganja cha kushoto: laki nne na kitu. Redio akasukumwa naye apimwe, akatoka na laki tano kasoro, akaonekana ameudhika kufanana na wifi yake.

"Haya, huyu bwana asiyeshikwa."

Volti akatoa mkono. Alijua kabla hajapimwa. Kiganja kilikuwa kinateleza. Fundi akaweka ncha, akatazama, akaipangusa moja, akaiweka tena kuhakikisha.

"Elfu arobaini, na hujagusa maji," akasema. "Una jasho, ndugu yangu. Chumba hiki chote, umeme ukiambiwa uchague pa kupita, utachagua wewe. Na hapa tunapima kwa betri ndogo tu. Ukija ule wa ukutani, ngozi inasalimu amri zaidi." Akamwinamia. "Hebu kiatu."

Volti akavua, akakitoa mbele za watu, soksi ina tundu kwenye kidole gumba. Fundi akashindilia ncha kwenye soli, huku na huku. Kipimo hakikusoma kitu. "Mpira. Huu ni ukuta, hauna mlango. Buti za bwana huyu ni ukuta. Chuma, shaba, maji machafu ya kudekia, mguu mtupu, hizo ni njia. Binti alikuwa njia tupu kuanzia mpini hadi sakafuni. Ningekuwa mimi ningeshikwa, na mimi si wa ukoo huu, namshukuru Mungu."

Wakacheka, lakini si kama zamani. Kicheko kilikuwa kinatafuta pa kutua, kikatua kwa Volti, na safari hii yeye hakucheka. Alisimama mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Mtu wa dirishani aliyekuwa akimshangilia kuliko wote akageuza uso pembeni, kama anayemsitiri, na hilo lilimuuma kuliko ambavyo tusi lingemuuma.

Kaka yake akazungumza. "Mwaka mzima ulijua."

"Nilijua."

"Na wiki hii nimelala hapa. Unapita unaniuliza nimeamkaje."

Volti akatikisa kichwa kukubali. "Nilikuwa naona aibu," akasema mwishowe, na lilivyosikika dogo mbele ya yule binti mwenye bandeji, akatamani asingelisema.

Kaka alimwendea mkewe, akasimama mbele yake. Mkewe akamtazama muda mrefu. "Mto wako uko kwenye kochi," akamwambia, "na leo utalala nao huko huko. Kesho tutaona." Kisha akamgeukia shemeji yake.

"Shemeji, kunipigia magoti humu ndani sitaki. Humu tumesikia. Ambao hawajasikia wako kule nje, ndio wanaoniita majina. Nenda ukawaambie. Mlango kwa mlango, kwa mdomo wako."

"Nitawasaidia!" Redio akaruka, ameshika kanga tayari. "Nitatangulia—"

"Wewe wifi keti. Ukianza wewe, kufika kona nitakuwa nimezaa na friji."

Binti akavaa viatu vyake. "Nitakwenda naye," akasema.

*

Mlango wa kwanza Volti alisema haraka haraka, macho yako kwenye kizingiti: kwamba ni viatu, kwamba ni maji, kwamba mtoto ni wa kaka yake bila shaka. Akageuka aondoke.

"Hujasema ulijua tangu lini," binti akamwambia, si kwa ukali.

Akarudi, akasema. Mwenye mlango, kinyozi, akamsikiliza na mashine mkononi, mteja wake nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado.

Mlango wa pili walimkatiza, wakamwambia aache masihara. Mlango wa tatu walimcheka, wakataka kujua alianguka vipi. Bombani walikuwa wanawake saba na foleni ya madumu. Pale sauti ilimkauka katikati, akasimama akitazama maji yanavyofurika kwenye dumu lililojaa bila mtu kufunga. Binti alisubiri. Hakumsaidia hata kwa neno moja. Alipomaliza, mwanamke aliyekuwa wa kwanza kulitamka lile jina la saluni akafunga bomba, akamwambia binti, "Nisalimie mama," na binti akajibu, "Utamsalimia mwenyewe."

Wakafika nyumba yenye mlango wa mabati, kwa mama mwenye genge la mboga. Huyu alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni, anaguna panapostahili kugunwa. Volti alipomaliza, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akaaga.

"Unakwenda wapi?" mama wa genge akamzuia, anavuta viti viwili kutoka ndani, anapuliza vumbi. "Kaeni. Baba watoto ndio kwanza anarudi, yule pale anafunga baiskeli. Na mama mkwe nimemwita. Hilo ni la kusikilizwa na watu wote." Akamwita mumewe kwa mkono. "Haya, ndugu yangu. Anza mwanzo."

Volti akamtazama binti. Binti alikuwa amekwisha kukaa, mkono wenye bandeji mapajani, anasubiri kama wengine.

Akaketi. Akaanza mwanzo.